Akaunti ya Sahihi Mbili

"Geuza uso kushoto, tata. Polepole. Sasa kulia. Usicheke, hii kitu haitaki mtu akicheka."

Wamboi hakuwa akicheka. Midomo yake ilikuwa imejikunja kwa wasiwasi, na uso wake tangu ujana una tabia hiyo ya kuwadanganya watu. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki ndani ya duka la Ngigi, mtoto wa kaka yake anayemwita tata, yaani shangazi, hapo Gatongora upande wa Ruiru, na Ngigi alikuwa amemshikia simu mbele ya pua kama daktari anayetafuta jino bovu. Nje, kwenye jua la Jumatano alasiri, lori lilikuwa likimwaga mawe ya ujenzi mahali ambapo hadi juzi palikuwa na mistari ya kahawa.

Simu ikatoa mlio mdogo.

"Imekukubali," akasema Ngigi.

"Imekubali nini?"

"Imekubali wewe ni wewe."

Zamani kazi hiyo ilifanywa na watu. Mtu wa Thika akitaka kufungua akaunti alikwenda benki na jirani anayejulikana pale, akaketi kwenye benchi la mbao, na karani akamuuliza wewe ni wa nani, na mama yako anaendeleaje na ule mguu. Ukitoka hapo benki imekujua na wewe umeijua, na ukifanya upuuzi ni jirani yako atakayeona aibu. Sasa benki haina mlango, haina karani, haina aibu. Inataka tu ugeuze uso huku na huku kama ng'ombe wa mnadani.

Wamboi alikuwa amepita miaka hamsini, na sehemu nzuri ya miaka hiyo aliimaliza katika kiwanda kimoja cha makadamia mjini Thika. Yeye alikuwa wa meza ya kuchambua. Kokwa zikishapasuliwa ganda zilipita mbele yake, na macho yake yakazigawa: nzima huku, nusu huku, zilizoungua pembeni. Mwenzake Mishi, mama Junaid, mzaliwa wa Majengo palepale Thika, alikuwa wa vikaushio. Alichukua tunda, akalitikisa karibu na sikio, akasema hili bado, hili tayari. Na pale kiwandani kulikuwa na desturi ambayo hakuna mkubwa aliyewahi kuiandika. Gunia halikutoka ghalani mpaka liwe na alama mbili za chaki, ya aliyekausha na ya aliyechambua. Meneja angesimama mlangoni akipiga kelele kwamba lori linangoja, na wanawake wangemwangalia tu. Gunia la alama moja lilikuwa bado halijawa gunia.

Kisha ikaletwa mashine yenye macho ya kamera. Wanawake wakakatiwa keki, wakaombewa, wakasindikizwa hadi getini.

Wamboi na Mishi hawakukaa kulia. Walianza kuzunguka kwenye vikundi vya wakulima wakifundisha kukausha na kuchambua, watu wapate bei ya maana badala ya kumuuzia dalali matunda mabichi. Mwanzoni walilipwa kuku na ndizi, baadaye wakalipwa pesa, na sifa zao zikasafiri kuliko wao wenyewe. Zikafika kwa ushirika mmoja wa wakulima nchini Rwanda uliokuwa ukijenga kiwanda chake kidogo na kutafuta washauri. Lakini wafadhili wa ushirika huo hawakutaka kusikia habari za mama wawili wa Thika. Walitaka kampuni, tena iliyoandikishwa hukohuko Rwanda, yenye akaunti ya biashara kwa jina lake. Kampuni ikaandikishwa kwa mtandao, Ngigi akisaidia. Wakaiita Kokwa Ushauri. Siku hiyo Mishi alicheka hadi akajifuta machozi. "Wamboi, sisi ni wakurugenzi! Sasa nani atatufulia nguo?"

Akaunti ndiyo iliyoleta kisirani.

Jumapili walikuwa wamekaa kwa Mishi kuichagua. Kulikuwa na benki moja kubwa yenye tawi Thika na tawi Kigali. Hiyo ilitaka wakurugenzi wote wawili wafike mbele ya afisa na pasipoti zao, watie sahihi wakionekana, karatasi zigongwe mhuri na kupelekwa Kigali, na jibu lirudi baada ya majuma mawili, pengine zaidi. Ilikata ada kila mwezi, uwe umefanya kazi au umelala. Lakini pesa hazingetoka mpaka wote wawili watie sahihi, na Mishi alikuwa ameuliza na kuambiwa ina dirisha la watu wasiotaka riba. Upande wa pili kulikuwa na akaunti ya simu, ya kampuni fulani ya Ulaya. Hiyo haikuwa na ada, ilifunguka mchana mmoja, na ilipokea pesa kutoka nchi yoyote. Ngigi aliisifu kama dalali anayeuza shamba lisilo lake.

"Tata, hiyo benki yenu ni ya watu wa foleni."

"Na sisi ni watu wa foleni," Mishi akamkata. "Hiyo yako inachukua sahihi ngapi?"

Ngigi akakuna kichwa. "Mwenyewe ni mmoja. Huyo mwingine anawekwa kama mtazamaji. Lakini anaona kila kitu!"

"Hata kuku wa jirani huona kila kitu nikipika. Hapana, kijana. Tutapanga foleni."

Wakakubaliana hivyo, wakanywa chai. Lakini Jumatano Uwera, afisa wa ushirika kule Rwanda, akapiga simu. Namba ya akaunti ifike kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa, la sivyo mkurugenzi wake atawachukua wataalamu wengine kutoka Afrika Kusini, ambao karatasi zao zote zilikuwa tayari mezani. Wamboi akampigia Mishi. Simu imezimwa. Mishi alikuwa amekwenda mazishini Gatuanyaga, na yeye hukaa mazishini na simu iliyozimwa, kama watu walivyokuwa na adabu zamani. Wamboi akapiga tena na tena, akiona kazi ya maisha yake inamponyoka. Mwishowe akavuka barabara hadi dukani kwa Ngigi, akageuza uso.

Alijiambia si neno. Kwenye chama cha akiba mkitaka kubadilisha watia sahihi mnaandika muhtasari wa mkutano, mnaupeleka benki, kwisha. Atamwongeza Mishi baadaye. Alijiambia hivyo akivuka barabara kurudi nyumbani, na usiku akajiambia tena.

Alhamisi asubuhi alifika Majengo kabla jua halijakaza. Mishi alikuwa uani, amekaa juu ya kigoda, akifunga makadamia za kukaanga kwenye vipakiti vya kuuza. Wamboi hakungoja chai. Alisema yote akiwa amesimama.

Mishi aliendelea kufunga vipakiti. Alifunga kimoja, akafunga kingine.

"Kwa hivyo mimi ni mtazamaji," akasema.

"Ni kwa muda tu, mama Junaid. Simu yako ilikuwa imezimwa, na huyu mama wa Rwanda alikuwa ananihesabia saa."

"Mimi nilikuwa nazika mtu."

"Najua."

"Ungeningoja nitoke makaburini. Makaburi hayakai na mtu siku nzima." Akasukuma sinia pembeni. "Haya. Mtazamaji anataka kutazama. Nifungulie."

Wamboi akachukua simu ya Mishi, kwa maana yake mwenyewe ilikuwa na kioo kilichopasuka na ilikataa kupokea kitu chochote kipya. Akaingiza jina la kampuni kama Ngigi alivyomwonyesha. Kioo kikamwambia kwamba namba ya siri imetumwa kwenye simu ya mwenye akaunti. Wakangoja. Simu ya Wamboi ikalala kimya kando ya sinia. Wakangoja tena. Ndipo Wamboi akasoma vizuri yale maandishi, akaona tarakimu za mwisho za simu iliyotumiwa. Alizijua kwa moyo. Zilikuwa za Ngigi.

"Ngai," akasema polepole.

Mishi akainama, akasoma. Kisha akacheka, kicheko kisicho na furaha hata kidogo. "Sasa nimeelewa. Mimi ni mtazamaji, wewe ni uso, na mwenye mali ni Ngigi."

Hili ni kosa la siku hizi, na huku kwetu limejaa. Mzee anakwenda saiba, duka la kompyuta na mtandao, kutafutiwa namba ya kodi, kijana wa saiba anaandika imeli yake mwenyewe na neno la siri lake mwenyewe, kwa haraka, kwa wema hata. Mzee anarudi nyumbani na karatasi, akidhani amepewa kitu. Watu waliokuwa wakificha ufunguo wa ghala hata kwa waume zao, leo wanamwachia funguo za maisha yao yeyote mwenye kidole chepesi.

Wamboi akampigia Ngigi, sauti ikiwa wazi ili Mishi asikie.

"Niaje tata."

"Ngigi, hii akaunti inafunguka kwa simu ya nani?"

"Yangu. Si yako ilikuwa imejaa mapicha za kanisa? Nikaweka namba yangu na imeli yangu, ndio usisumbuke na mapassword. Halafu relax, nishamtumia yule madam wa Rwanda akaunti. Mapema tu."

Wamboi akakaa chini bila kutafuta kigoda. "Nani alikwambia utume?"

"Si deadline ni kesho? Nimewaokolea kazi, tata. Hata asante hakuna?"

"Njoo Thika sasa hivi."

"Sasa siwezi, niko Nairobi nachukua stock. Nitapitia jioni."

Simu ikakatika.

"Si mwizi," Wamboi akasema, ingawa hakuna aliyekuwa amemwita mwizi. Ngigi alikuwa mtoto wa kaka yake Njau, na Njau ndiye aliyeacha shule ili Wamboi amalize. Kumshuku Ngigi kulikuwa ni kumvua Njau nguo mbele za watu.

"Sijasema ni mwizi," Mishi akajibu. "Akiwa malaika sawa. Lakini pesa za kwanza zikiingia pale, ni yeye anazitoa, ni yeye anaamua sisi tupande basi gani. Akigongwa na bodaboda kesho, kampuni yetu iko mortuary pamoja naye. Na mimi nitakuwa natazama."

"Unataka nifanye nini?"

"Mimi? Mimi si mwenye sahihi. Fanya wewe."

Neno hilo lilimchoma Wamboi kuliko matusi. Alijua kilichokuwa kimebaki. Angeweza kunyamaza, pesa ziingie, kazi ianze, na Mishi angekuja Rwanda au asije. Au angempigia Uwera na kumwambia asiitumie ile namba, na kwa simu hiyo pengine kazi ingekufa. Alivuta pumzi, akabonyeza.

Uwera aliitika haraka. Sauti yake ilikuwa ya ofisini, nadhifu. "Mama Wamboi, tumepata namba yenu, asante. Naiandaa kwa mhasibu."

"Ndiyo sababu nimepiga. Tafadhali usiipeleke kwa mhasibu. Usitume chochote kwa ile akaunti."

Sauti ikabadilika kabisa. "Ni nani anaongea?"

"Ni mimi, Wamboi."

"Samahani, mama, lakini sisi tumeonywa. Watu wanapiga simu hivihivi. Wanajifanya mshirika wako, wanakwambia usitume kwa namba ile, tuma kwa namba hii. Ushirika mwingine uliibiwa hivyo. Nipe namba yako mpya nisikie."

Mishi akafumba macho. Mambo yamefika mahali ambapo mtu mkweli anasikika sawasawa na tapeli, neno kwa neno, na hakuna jirani wa kusimama pembeni yake aseme huyu namjua.

"Sina namba mpya," Wamboi akasema.

"Huna?"

"Sina namba yoyote ya kukupa. Wala sitakupa kesho. Nakwambia tu ile usiitumie. Ilifunguliwa kwa simu ya mtu ambaye si wa kampuni. Kosa ni langu, nilikimbia. Kampuni ni ya watu wawili, na mwenzangu hakutia sahihi."

Wamboi alisikia karatasi zikigeuzwa huko mbali.

"Tapeli hakosi namba," Uwera akasema hatimaye, kama anayejisemea. Kisha kwa sauti: "Mama, mnanitia matatani. Nitamwambia nini mkurugenzi?"

"Mwambie tunaomba majuma mawili, twende benki yenye watu."

"Matunda hayangoji majuma mawili."

"Najua. Sisi ndio tunaojua hilo kuliko wengi."

"Nitawapigia," akasema Uwera, akakata.

Walingoja pale uani. Mishi alirudi kwenye vipakiti vyake, Wamboi akaanza kumsaidia bila kuombwa, na kwa mazoea akawa anatoa kokwa zilizoungua na kuziweka pembeni. Mishi akamwona. "Acha hizo, watoto wa shule hawachagui." Wamboi akazirudisha. Hayo ndiyo maneno pekee waliyosemezana hadi adhana ya alasiri. Mishi akaingia ndani kuswali, na Wamboi akabaki na simu mbili mbele yake, akiziangalia kama mtu anayeangalia sufuria ya maziwa.

Uwera alipiga simu wakati Mishi amesimama mlangoni, bado amejifunga mtandio.

"Nimeongea na mkurugenzi," alisema. "Kazi ya vikaushio tumewapa wale wa Afrika Kusini. Msimu umefika, hatuwezi kungoja. Lakini chumba cha kuchambua bado hakijaezekwa. Hiyo kazi tumewawekea ninyi, kama akaunti itakuja kwa jina la kampuni, na barua ya benki yenyewe. Mkurugenzi alisema mtu anayekataa kupokea pesa anastahili kungojwa kidogo."

Wamboi alishukuru, akakata simu. Alipoinua macho, Mishi alikuwa bado amesimama palepale.

Kazi ya vikaushio ndiyo iliyokuwa ya Mishi. Ya kuchambua ilikuwa ya Wamboi. Mtu aliyesimamia haki ndiye aliyepoteza, na aliyekosea ndiye aliyebakiziwa. Ndivyo dunia ya sasa inavyogawa, na wala haioni haya.

"Nitampigia nimwambie hapana," Wamboi akasema. "Wachukue wote wawili au waache."

"Halafu tule nini, hasira?"

"Mama Junaid..."

"Nenda nyumbani, Wamboi. Nenda. Leo nimechoka kukuona."

Jioni hiyo, dukani Gatongora, Ngigi aliifunga ile akaunti mbele ya macho ya tata yake. Alikuwa amevimba kwa hasira. Hakuwa amechukua chochote wala hakuwa na nia ya kuchukua, na hilo ndilo lililomkera zaidi. "Mmejiulia kazi wenyewe," alisema, akibonyeza. "Watu wa mazamani mna shida. Mtu akiwasaidia mnamwona mbaya."

"Sikuoni mbaya," Wamboi akamwambia. "Ulinisaidia kama mtu anayemvusha mzee barabara bila kumuuliza kama alikuwa anavuka."

Ngigi alitaka kucheka, akajizuia.

Ijumaa benki ilipofunguliwa Thika, Wamboi alikuwa wa kwanza mlangoni. Hakuwa amempigia Mishi. Alikuwa amemwandikia ujumbe mmoja tu, jina la benki na neno "asubuhi", na Mishi hakuwa amejibu. Afisa aliyempokea, kijana mtulivu jina lake Urbanus, alisoma vyeti vya kampuni kimoja kimoja, akaweka pasipoti ya Wamboi juu yavyo.

"Mkurugenzi wa pili yuko wapi?"

"Anakuja."

"Tunaweza kuanza na wewe, mama. Yeye apite siku nyingine, mradi apite."

"Tutangoja."

Urbanus akatazama foleni nyuma ya Wamboi, iliyokuwa imeanza kupinda. "Basi nipishie wengine kidogo."

Wamboi akahamia kwenye viti vya kando. Siku hizi ni vya chuma, vina matundu, na vinaingiza baridi mwilini. Watu waliitwa kwa namba, wakainuka, wakaondoka. Kila mlango ulipofunguka aliinua kichwa. Aliingia mtu wa kuuza maziwa, akaingia mwanafunzi wa chuo na mkoba, wakaingia maaskari wawili wa kubeba pesa. Saa sita ikapita, ile saa sita yenyewe ya Uwera, na hakuna aliyeiona ikipita ila yeye. Mlinzi akamuuliza kama ameshahudumiwa. Akasema anangoja mwenzake. Mlinzi akamuuliza tena baadaye, na safari hii akamwonyesha mlango kwa kidevu.

Mishi aliingia wakati wafanyakazi walipokuwa wakianza kupokezana kwenda kula. Alikuwa amevaa buibui ile nzuri ya Idi, na mkononi alikuwa na pasipoti ndani ya mfuko wa nailoni. Alitembea moja kwa moja hadi mezani kwa Urbanus. Hakumsalimu Wamboi. Wamboi akainuka, miguu imemfa ganzi, akaenda kusimama kando yake.

Urbanus akazigeuza karatasi zimwelekee Mishi, akampa kalamu.

"Hii akaunti, ni nani atakuwa na ruhusa ya kutoa pesa?" akauliza, kama anavyouliza watu wote.

"Wawili pamoja," akasema Mishi. "Mmoja akiwa peke yake, hata akilia, msimpe." Akainama, akatafuta kwa kidole mahali pa sahihi. "Na wewe mkurugenzi," akasema bila kumtazama Wamboi, "mbona unasimama kama mtazamaji? Vuta kiti."

Wamboi akavuta kiti.